Mbavu za Kihongwe Mzee

Tarehe 27 Desemba 2004, siku moja baada ya tsunami kuvuka Bahari ya Hindi, mtoto wa kiboko mwenye umri wa mwaka mmoja hivi alifikishwa Haller Park, Bamburi, akiwa amechoka hoi na amefungwa kamba. Mafuriko ya Mto Sabaki yalikuwa yamemsomba na kumtupa baharini, na watu wa Malindi walihangaika sana kumtoa mwambani. Alipofunguliwa alikimbia moja kwa moja kwa kobe mkubwa wa asili ya Aldabra, akajibanza nyuma yake kama mjukuu nyuma ya babu. Kiboko aliitwa Owen. Kobe, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, aliitwa Mzee.

Picha zao zilizunguka dunia nzima. Ngozi ya shingo ya Mzee ilikuwa imelegea ikajikunja, gamba limechakaa, mwendo ni wa kuhesabu hatua. Ni vigumu kumfikiria mgeni aliyemtazama akauliza ni nani amemtesa kobe huyu. Uzee wake ndio uliokuwa fahari yake, na watu walilipa kiingilio kuuona.

Toka nje ya lango la Haller Park, uiache barabara ya Malindi, uingie mitaa ya ndani ya Kisauni, uzee wa mnyama unasomwa kwa jicho jingine kabisa. Punda anasimama chini ya mwarobaini, mkokoteni umeegeshwa kando. Mgongo umebonyea, nyonga zimechomoza, nywele za usoni zimeingia mvi, mbavu zinahesabika. Mpita njia anatikisa kichwa: maskini, huyu halishwi. Pengine mpita njia yuko sahihi. Pengine mwenye punda anampa chakula kingi kuliko anavyojipa mwenyewe, na tatizo liko mahali ambapo mpita njia hawezi kupaona, yaani ndani ya kinywa.

Bara ya Mombasa, kuanzia Likoni na Mtongwe hadi Changamwe na Mikindani, na kaskazini mpaka Mtopanga na Kiembeni, inaishi kwa maji yanayotoka mbali. Chemchemi za Mzima ziko katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi, na bomba lake limekuwa likileta maji tangu miaka ya 1950. Mengine hutoka Baricho, Marere na Tiwi. Mfereji ukikauka, na hukauka mara nyingi, maji hufika nyumbani kwa mtungi wa lita 20. Mitungi husukumwa na mikokoteni ya watu, na mingine huvutwa na punda. Hesabu yake ni nyepesi: mitungi 20 ni kilo 400, bila kuupima mkokoteni wenyewe, na punda wa Kenya kwa kawaida ana uzito usiofika nusu ya hizo. Magurudumu humsaidia kwenye lami. Kwenye mchanga wa vichochoro vya Likoni, au kwenye tope la masika, hayamsaidii hivyo.

Kwa nini punda na si farasi? Jibu limo katika wadudu. Mbung'o, ambao katika misitu ya Shimba Hills huko Kwale wapo mpaka leo, hubeba vimelea vya ugonjwa wa nagana. Usubi, vile vidudu vidogo vinavyouma jioni, hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua farasi kwa wingi lakini punda wa Kiafrika huupata bila hata kuonyesha dalili. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Waingereza na washirika wao yaliwapoteza farasi kwa maelfu katika Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Punda ni mwenyeji. Mwaka 2022, watafiti waliochunguza vinasaba vya punda zaidi ya 200 kutoka sehemu mbalimbali za dunia walihitimisha kwamba wote wana asili moja, na kwamba walifugwa kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki yapata miaka 7,000 iliyopita. Kihongwe anayepita Kongowea na shehena yake amekuwa upande huu wa dunia kabla ya mji wowote wa pwani.

Na mwenyeji huyu huishi miaka mingi. Akitunzwa vizuri, punda hufikisha miaka 30, na wengine huipita 40. Farasi kwa kawaida huishi miaka 25 hadi 30. Farasi anayetajwa kuwa aliishi kuliko wote alikuwa wa kazi, si wa kifalme: Old Billy, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1760, akavuta mashua kwenye mto na mifereji karibu na Manchester, akafa mwaka 1822 akiwa na miaka 62. Fuvu lake limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Manchester. Alichorwa katika mwaka wake wa mwisho, na mchoro unaonyesha mnyama mwenye mifupa iliyochomoza. Mtu asiyejua umri wake angeiona picha hiyo angedhani farasi huyo amedhulumiwa, ilhali alikuwa mnyama maarufu aliyepumzishwa kazi baada ya utumishi mrefu.

Siri ya mifupa hiyo iko kwenye magego. Jino la binadamu huota likakoma. Jino la punda au la farasi ni kama mche wa sabuni: refu, sehemu kubwa imefichwa ndani ya taya, na kila mwaka husukumwa nje milimita 2 hadi 3 kufidia kiasi kinachosagwa na majani makavu na chembe za mchanga. Mche wa sabuni una mwisho wake. Punda anapoingia katika miaka ya ishirini, gego moja limebaki kisiki, jingine limeng'oka, na lile linalokabiliana na pengo, kwa kukosa mwenzake wa kusagana naye, limerefuka mpaka linachoma ufizi wa upande wa pili. Kati ya jino na jino hufunguka nafasi, majani hukwama humo yakaoza. Kingo za magego ya juu hunolewa kama kisu upande wa shavu, na za magego ya chini upande wa ulimi, hivyo kila tonge huwa na uchungu wake.

Mnyama wa namna hii hula kutwa na hukonda. Mwenye punda anaona majani yanapungua, kwa hiyo anaapa, na anaapa kweli, kwamba punda wake analishwa. Ushahidi uko chini, kwenye vumbi mbele ya miguu ya punda: vitonge vya majani vilivyotafunwa nusu na kutemwa, vimeviringika kama kitu kilichofinyangwa kwa vidole. Ushahidi mwingine uko kwenye mavi. Mavi ya punda mwenye meno mazima yana nyuzi fupi zilizosagwa. Ya asiye na meno yana mabua marefu yaliyopita tumboni kama yalivyoingia. Hayo mawili yanaonekana bila daktari, bila chombo chochote, na yanasema mengi kuliko mbavu.

Tiba mara nyingi si ghali. Mganga wa mifugo aliyefunzwa husugua kingo kali kwa tupa na kung'oa jino linalocheza. Chakula nacho hubadilishwa. Punda mzee hawezi kusaga mabua ya mahindi, lakini anaweza kumeza pumba zilizolowekwa maji mpaka zikawa uji mzito, pamoja na majani mabichi yaliyokatwakatwa mafupi. Jambo moja lina hatari na halina budi kusemwa: punda si ng'ombe mdogo wala si farasi mdogo. Mwili wake umeundwa kwa malisho makavu ya jangwani, na chakula kingi chenye wanga, kama ndoo ya unga anayopewa ghafla kwa huruma, huweza kumletea maradhi ya kwato yanayomfanya ashindwe kusimama. Huruma ya jirani imewahi kuwalemaza punda wengi.

Turudi kwenye mbavu. Mwaka 1983 mtafiti Mmarekani Don Henneke wa Chuo Kikuu cha Texas A&M alichapisha kipimo cha hali ya mwili wa farasi, kuanzia alama 1 kwa aliyekondeana hadi 9 kwa aliyenenepeana kupita kiasi. Kwa punda hutumiwa kipimo cha 1 hadi 5. Jambo la maana katika vipimo hivi ni kwamba havitegemei macho pekee. Anayepima hupitisha kiganja shingoni, begani, mbavuni, kwenye uti wa mgongo na nyongani, akibonyeza kutafuta nyama na mafuta chini ya ngozi. Punda hudanganya macho kwa njia kadhaa. Mafuta yake hujilimbikiza kwenye kisogo, na yakishakuwa magumu hubaki pale hata mwili mwingine ukinyauka, kwa hiyo shingo nene inaweza kukaa juu ya mifupa mitupu. Tumbo nalo huweza kuwa kubwa kwa minyoo au kwa majani yasiyosagika, na mtazamaji akalichukua kwa shibe. Manyoya marefu huficha mengine yote.

Kwa hiyo kuna punda wembamba wanaotunzwa na punda wanene wanaoteseka. Yule mnene mwenye manyoya yanayong'aa, ambaye hakuna mpita njia atakayemwonea huruma, huenda chini ya mkanda wa kifuani ana kidonda kibichi kilichokatwa na kamba ya nailoni. Macho ya umma hutafuta mbavu, na kwa kutafuta mbavu huruka majeraha, kwato na kiu.

Kiu ndiyo inayofichika kuliko yote. Mwanasayansi Mkenya Geoffrey Maloiy alichapisha mwaka 1970 utafiti juu ya punda wa Kisomali, akaonyesha kwamba mnyama huyu anaweza kupoteza hadi asilimia 30 ya uzito wake kwa kukosa maji na bado akaishi, kisha akanywa na kurudisha kilichopotea ndani ya dakika chache. Ni uwezo wa ajabu. Lakini uwezo huo huo ndio unaomponza, kwa sababu anayeweza kuvumilia huachwa avumilie. Punda anayevuta lita 400 za maji kwenye jua la saa saba mchana halii, halali chini, hagomi. Anaendelea. Waswahili walishalisema jambo hili zamani kwa uchungu: punda afe, mzigo wa bwana ufike.

Ukimya huo ni wa kimaumbile. Mababu wa punda waliishi nyikani wakiwindwa, na aliyeonyesha udhaifu ndiye aliyeliwa. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hugaragara, hujipiga mateke tumboni, hutoka jasho, na kila mtu hujua kuna jambo. Punda mwenye maumivu yale yale anaweza kusimama tu, masikio yameteremka, akinusa chakula bila kukila. Mtaani huitwa mvivu. Au husemwa: ni uzee tu.

Neno hilo, uzee, ndipo pahali makosa ya pande zote mbili yanapokutana. Mpita njia halioni kabisa, kwa hiyo humhukumu mwenye punda kwa dhambi ambayo huenda hakuitenda. Mwenye punda naye huliona kila mahali, kwa hiyo huacha kutibu kinachotibika. Kukonda ni uzee. Kuchechemea ni uzee. Kutema chakula ni uzee. Kumbe kukonda kwenyewe ni minyoo iliyojaa, kuchechemea ni usaha ndani ya ukwato uliochomwa na msumari, na kutema chakula ni gego moja lililooza. Mzee wa nyumbani akilalamika goti hupelekwa zahanati. Punda mwenye umri sawa na huo, kwa kipimo cha punda, huachwa kwa sababu hawezi kusema goti lipi. Kutotibu kwa kutojua si ukatili wa kukusudia, lakini kwa mnyama maumivu ni yale yale, na makala yoyote inayomtetea mwenye punda bila kulisema hilo itakuwa imempendelea.

Lamu ndiko mvutano huu ulikojulikana zaidi. Mji wa vichochoro visivyopita gari umekuwa ukitegemea punda kubeba mawe, mchanga, boriti na watu, na punda wakimaliza kazi huachwa wajitembeze, wakila mabaki ya jikoni na maganda sokoni. Mgeni wa kwanza kuwaona hudhani ni wanyama waliotelekezwa. Kumbe kila mmoja ana mwenyewe, anajulikana kwa alama yake, na alfajiri atafuatwa alipolala. Huo ni utaratibu wa ufugaji, si utelekezaji. Lakini palikuwa pia na vidonda vya shogi, minyoo na kwato zilizopasuka, na Mwingereza Elisabeth Svendsen, aliyeanzisha shirika la The Donkey Sanctuary nchini mwake mwaka 1969, alipofika Lamu aliyaona mambo hayo yote mawili. Mwaka 1987 kituo cha shirika hilo kilifunguliwa Lamu, kikitibu punda bila malipo. Baadaye pakaanzishwa mashindano ambamo mwenye punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote hupewa zawadi. Watu walioitwa wakatili na wageni wakawa wanawapiga brashi na kuwapamba punda wao hadharani, na wazee wa mji wakitazama. Katika yote yaliyofanywa Lamu, hilo la mashindano pengine ndilo lenye busara kuliko yote, maana liliwachukua wenye punda kuwa mafundi wa kazi yao.

Utelekezaji wa kweli, kwa upande wake, una sura yake na hauhitaji kubahatishwa. Kwato zilizorefuka mpaka zikapinda juu kama jambia ni kazi ya miezi mingi ya kutotazamwa, kwa kuwa ukwato hukua chini ya sentimita moja kwa mwezi. Kovu juu ya kovu, mahali pale pale mkanda unapokaa, maana yake kidonda hakikuwahi kupewa siku ya kupona. Mnyama anayeshtuka na kurudi nyuma kila mkono wa mtu unapoinuka ameshafundishwa jambo kuhusu mikono. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inataja bayana kumpiga mnyama, kumbebesha kupita uwezo wake, kumnyima chakula na maji, na kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au ana kidonda. Katiba ya 2010 nayo, katika Jedwali la Nne, iliweka ustawi wa wanyama mikononi mwa serikali za kaunti. Hakuna mahali sheria inaposema kukonda ni kosa. Kosa ni kunyima, na anayetaka kulithibitisha lazima aulize maswali kwanza: punda huyu ana miaka mingapi, anakula nini, meno yake yalitazamwa lini.

Kuna sababu nyingine inayowafanya punda wazee waendelee kuonekana wakiwa kazini. Tangu mwaka 2016 machinjio ya punda yaliyopewa leseni nchini, yakafika manne, yalinunua wanyama hao kwa ajili ya ngozi, ambayo huchemshwa huko China kutengenezwa dawa iitwayo ejiao. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018, zaidi ya asilimia 15 ya punda wote wa Kenya. Wizi ukashamiri, familia zikaamka asubuhi zikakuta kamba tupu. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuisimamisha bara zima. Katika hali kama hiyo kumpata punda kijana si rahisi, na aliyeko zizini anaongezewa miaka ya kazi. Kwa Waislamu, ambao ni wengi pwani, nyama ya punda wa kufugwa ni haramu, kwa hiyo huwezi kusema atauzwa buchani kama ng'ombe aliyezeeka. Kilichobaki ni kumtunza bila kupata kitu kwake, na mwenye mkokoteni mmoja wa maji hana pensheni yake mwenyewe, sembuse ya punda.

Wako wanaofanya hivyo hata hivyo, na kazi yao ina ugumu usiotarajiwa. Punda akiacha barabara, kwato zake haziliki tena na lami, kwa hiyo anahitaji kukatwa kwato kila wiki sita hadi kumi, mara nyingi zaidi kuliko alipokuwa akifanya kazi. Mvua za Aprili na Mei zinamuumiza kuliko zinavyomuumiza farasi, kwa sababu manyoya yake hayazuii maji vizuri, hivyo anataka paa la makuti juu na pakavu chini. Anataka kivuli cha mkorosho au mwembe mchana. Anataka kutembezwa kidogo, maana viungo vinavyokaa hukaza.

Na anataka mwenzake. Punda hufungamana wawili wawili, urafiki unaodumu miaka, na mmoja akifa wa pili anaweza kuacha kula. Kwa punda hilo si huzuni ya kupita tu. Akikaa na njaa, mwili wake huyeyusha mafuta yaliyowekwa akiba na kuyamwaga kwenye damu kwa wingi kiasi cha kuziba kazi ya ini na figo, hali ambayo madaktari huiita haipalipemia, na siku chache zinatosha kumuua. Ndiyo maana watunzaji wazoefu hawaharakishi kuondoa mzoga. Humwacha aliyebaki akaribie, anuse, azunguke, hata amsukume mwenzake kwa pua, mpaka mwenyewe aondoke. Kisha huchimbwa shimo, jambo lisilo dogo kwenye viwanja vilivyobanana vya Chaani au Bombolulu. Maziko ya wanyama nayo yameandikwa katika Jedwali lile lile la Nne miongoni mwa kazi za kaunti. Na kwa wiki mbili tatu zinazofuata, kila asubuhi, mtu huinama kutazama ndoo ya pumba kama imeguswa.